Wote Wameelewa

Jumatatu, Machi 3

Mkuu wa chuo katugawia sisi walimu wapya daftari la kijani kila mmoja. Kila baada ya kipindi tuandike tumefundisha nini na wanafunzi wamepokeaje, naye atayakusanya mwisho wa muhula. Haya. La kijani litapata ya kumpendeza mkuu. Hili jingine nimejinunulia mwenyewe, na humu nitasema kweli, maana nisipoisema mahali nitapasuka.

Kweli ya leo: nina wanafunzi kumi na wawili, na karibu wote wamenizidi umri. Wanatoka kiwanda kimoja, kile cha maboksi nilichokitumikia miaka tisa kabla sijaja huku. Wamefanya kazi ya umeme miaka nenda miaka rudi bila karatasi yoyote. Sasa kiwanda kimewaambia mvua zikiisha kuna mtihani. Mwenye cheti atabaki idara ya mitambo, asiye nacho atapewa barua aende nyumbani.

Halafu, safu ya mbele kabisa, Spana. Jina lake nililiona kwenye orodha na bado nilishtuka. Wanamwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mfuko wake bila spana namba kumi na tatu. Mimi nilianza pale kiwandani kwa kufagia. Siku moja aliniambia niweke ufagio chini nimshikie tochi. Baada ya tochi akanipa koleo, baada ya koleo akanipa testa ya kupimia umeme, na yeye ndiye aliyekwenda kwa msimamizi kuniombea nipelekwe kusoma. Alikuwa akiniita binti. Leo nilipoingia alisimama na wenzake, mikono nyuma, akasema, "Karibu, Mwalimu."

Nilitaka kumwambia, baba, kaa. Nikasema, "Kaeni."

Jumatano, Machi 5

Mvua imeanza. Karakana ina bati tupu, hakuna dari, kwa hiyo ikinyesha lazima nipige kelele. Nimefundisha rangi za nyaya, mpya na za zamani. Nimeziandika ubaoni na kuwaimbisha mpaka koo likakauka.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!"

Daftari la kijani: Rangi za nyaya. Wote wameelewa.

Jumatano, Machi 12

Mvua. Kelele. Tumeelewa.

Jumatatu, Machi 17

Nimemshika yule wanayemwita Dereva, aliyekuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, akinakili jibu la mwenzake. Nikamsimamisha. Nilimsimamisha kama nilivyosimamishwa mimi chuoni, na nikamuuliza swali lilelile mara tatu. Alikuwa akicheka mwanzoni. Mara ya tatu hakuwa anacheka. Mtu ana wajukuu wawili.

Naamini ukali unasaidia. Mimi ulinisaidia. Nadhani ulinisaidia.

Jumatano, Machi 19

Dada yangu, ninayekaa naye, anafundisha chekechea. Leo tunamenya viazi kaniuliza wanangu wanaendeleaje. Nikamwambia wanaelewa kila kitu, hakuna hata anayeuliza.

Akaweka kisu chini. "Hakuna anayeuliza? Wangu wananiuliza kwa nini maji ni maji."

"Wako ni watoto."

"Ndiyo. Bado hawajajua aibu. Wako wameshaijua, na wewe unawaongezea."

Nikamwambia kufundisha watu kutundika mikoba kwenye misumari si sawa na kufundisha umeme. Kanuna hadi sasa. Na mimi nimenuna.

Jumatano, Machi 26

Leo nimefanya jambo la aibu na nitaliandika lote.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kuunganisha kwenye ubao wa mazoezi wenye umeme. Wenzake walimsukuma Spana atangulie. "Nenda mzee, tuonyeshe." Ile mikono naijua. Ilimenya waya, ikapinda ncha, ikakaza skrubu, mwenyewe akiwa haitazami. Nikamwambia awashe.

Paa! Fyuzi ililipuka, moshi ukatoka, na mama mmoja tunayemwita Mama Pacha akapiga ukelele akakumbatia nguzo. Spana alikuwa amepeleka waya mweusi kwenye nyutro.

Asiyejua umeme atasema ni kosa la mgeni. Sivyo. Mgeni hawezi kulifanya. Zamani waya mweusi ndio uliokuwa nyutro, ule unaorudisha umeme, mpole, mafundi waliusogeza kwa kidole wakiendelea na hadithi zao. Wa buluu ulikuwa wa moto. Siku hizi wamebadilishana viti: wa buluu ndio mpole na mweusi ndio unaoua. Mgeni anakariri rangi mpya, basi. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na moja ana mkono uliokwisha kuamua zamani.

Nilikuwa nayajua hayo yote. Ningeweza kuyasema. Lakini bati lilikuwa linanguruma, na kichwani nawaza mkuu akisikia ule mlipuko atanionaje. Nikapayuka: "Wiki tatu tunaimba rangi! Wiki tatu! Hata mfagiaji angejua!"

Spana alijifuta mikono kwenye suruali, taratibu.

"Kweli, Mwalimu," alisema. "Nilimjua mmoja."

Akaenda kukaa. Wenzake hawakujua alichosema. Mimi nilijua, na nikageukia ubao nikajifanya nafuta maandishi. Kipindi kilipoisha nilimfuata mlangoni nimwombe radhi, alikuwa ameshaondoka kuwahi zamu, bila mwavuli.

Jumatatu, Machi 31

Spana kahamia safu ya nyuma. Nikamwita pembeni nikamwambia, "Baba, nilikosa." Akasema, "Hapana, Mwalimu, hakuna tatizo." Nikamuuliza kama rangi sasa zimekaa sawa. "Ndiyo, Mwalimu, nimeelewa."

Ningefurahi zaidi angenitukana.

Jumatano, Aprili 2

Barabara imejaa maji. Wamekuja saba. Spana alikuwa miongoni mwao, amelowa mpaka kiunoni.

Jumanne, Aprili 8

Nimekwenda kiwandani kuomba vipande vya nyaya kuukuu vya mazoezi. Harufu ileile ya gundi na karatasi mbichi. Paa linavuja sehemu nne, wametega ndoo.

Nikamwona Spana kwa mbali, yeye hakuniona. Alikuwa anamfundisha msaidizi mpya, mwanamume mzima aliyetolewa idara ya kupaki. Walikuwa na swichi kuukuu juu ya meza, haina umeme. Spana aliifungua na kuifunga mbele yake mara moja, bila neno. Akampa bisibisi. Halafu akageuka, akampa mgongo, akawa anatazama ukutani kana kwamba pale ukutani kuna kitu cha maana sana.

Nilikuwa nimesahau! Miaka yote ile alikuwa akinifanyia hivyohivyo. Alinionyesha mara moja, akanipa koleo, akageuka. Nyuma ya mgongo wake nilikosea kila aina ya kosa, nikaangusha skrubu, nikazitafuta chini kwa magoti, nikarudia, na hakuna aliyeniona. Nikisema, "Hapa nimekosea," anajibu bila kugeuka, "Rudia, binti." Mpaka atakapogeuka kazi inakuwa nzuri, naye anasema, "Umeona, hata hukuhitaji kufundishwa."

Mimi nilikwenda kusoma nikarudi na fimbo ya kuonyeshea ubaoni.

Jumatatu, Aprili 14

Nimejaribu, Spana akiwa zamu. Nimeunganisha mara moja, mbao za mazoezi hazina umeme, nikawaambia, "Haya, jaribuni. Mimi natazama dirishani. Sitageuka mpaka mniite."

Dereva akasema, "Mwalimu, umetukasirikia?"

"Hapana. Kazaneni."

Dakika kumi za kwanza sikusikia kitu. Halafu mnong'ono. Halafu kicheko. Halafu Mama Pacha, ambaye tangu Machi hajafungua mdomo, nikamsikia anamwambia mwenzake, "Na mimi huwa nachanganya, naogopa kusema." Mwenzake akamjibu, "Kumbe tuko wengi!"

Nilisimama pale dirishani natazama mvua, na nikaona aibu kwa kila "wameelewa" niliyoandika kwenye lile daftari la kijani.

Jumatano, Aprili 16

Leo wameniuliza maswali tisa. Nimeyahesabu. Dada kasikia, kasema, "Makubwa!" Tumepatana.

Jumatano, Aprili 23

Wanaendelea vizuri kuliko nilivyotarajia. Sisemi "mmeelewa" tena. Naonyesha, natoa kifaa, nageuka.

Spana tu ndiye ninayebaki naye. Siwezi kumgeuzia mgongo, sithubutu. Ule mlipuko bado unanilia masikioni, na akishindwa mtihani huu atakuwa ameshindwa mikononi mwangu. Nasimama pembeni yake, namtazama kila kidole.

Jumatano, Aprili 30

Spana kaunganisha mara nne, mimi nimesimama naye bega kwa bega. Mara zote nne sawa. Mweusi mahali pake, wa buluu mahali pake. Anakwenda polepole, anatoa jasho, lakini sawa.

"Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Daftari la kijani: Rangi za nyaya, marudio. Wote wameelewa. Kwa mara ya kwanza nimeandika hivyo bila kujiona mwongo.

Jumatano, Mei 7

Mvua siku ya sita mfululizo. Wanasema kiwandani ndoo hazitoshi tena.

Jumatano, Mei 14

Spana hakuja. Dereva aliingia wa mwisho, amechelewa, kofia mkononi, na nilipoiona ile kofia nilijua.

Asubuhi maji yameingia kwenye mashine kubwa ya kukata maboksi. Kiwanda kiliifungia kisanduku kipya cha umeme mwezi uliopita, chenye nyaya za rangi mpya, huku jengo zima lililobaki ni rangi za zamani. Msimamizi wa zamu hakutaka umeme uzimwe kwa sababu mashine nyingine zingesimama. Akamwambia Spana, "Fanya haraka, mzee, tuna mzigo wa kutoka." Spana alifungua kisanduku. Palikuwa na waya mweusi umekaa njiani. Akausogeza kwa kidole.

"Hivihivi tu," Dereva alisema, akasogeza hewa kwa kidole chake. "Kama anavyousogeza siku zote."

Yu hai. Mkono wa kulia umeungua mpaka ndani.

Nikawaambia waende nyumbani. Hakuna aliyeondoka. Tulikaa tu, kumi na wawili pamoja na mimi, tunasikiliza bati.

Alhamisi, Mei 15

Hospitali. Alikuwa amelala kwa dawa. Mkewe alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye binti wa tochi? Anakutaja sana." Madaktari wamekata vidole vitatu.

Jumatatu, Mei 19

Mkuu kaniita ofisini. Nikamkuta na msimamizi wa zamu, na daftari langu la kijani, alilokuwa ameagiza lichukuliwe karakana, juu ya meza, limefunguliwa. Msimamizi ameweka kidole kwenye mstari wa Aprili 30.

"Mwalimu, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"'Wote wameelewa.' Na yeye alikuwepo siku hiyo?"

"Alikuwepo."

Akamgeukia mkuu. "Basi alifundishwa, akaelewa, akafanya uzembe. Hatuna zaidi."

Nilichelewa kuelewa maana yake. Maana yake ni kwamba kosa ni lake, na kiwanda hakimlipi kitu wala hakimrudishi. Maneno mawili yangu. Niliyaandika siku ile nikinywa chai, nina furaha.

Nikamwambia msimamizi, "Na nani alikataa umeme uzimwe?" Mkuu akakohoa. Msimamizi akasema hilo si suala la chuo.

Jumatano, Mei 21

Nimempelekea mkuu barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Nimeandika kwamba "wote wameelewa" ni sentensi niliyoiandika kila siku tangu Machi, hata siku ambazo hakuna aliyeelewa. Kwamba mwanafunzi huyo sikuwahi kumpima akiwa peke yake. Kwamba kauli yangu isitumike dhidi yake. Nikasaini.

Mkuu akaisoma mara mbili. "Unajua hapa unasema nini juu yako mwenyewe?"

"Najua."

"Unaweza kukosa kazi."

"Najua, Mkuu."

Akaiweka kwenye droo. Si kwenye faili, kwenye droo. Akasema itashughulikiwa.

Dada kaniambia nimefanya vizuri. Nikamwambia vizuri ingekuwa kusema kweli Aprili. Akanipikia uji.

Jumatatu, Mei 26

Mtihani. Wote kumi na mmoja wamefaulu. Mama Pacha kawa wa kwanza, kalia mpaka kamlowesha Dereva bega zima. Mtahini kanipongeza, kasema hajaona darasa la watu wazima wanaofanya kazi kwa utulivu namna hii, kaniuliza nimetumia njia gani. Nikamwambia si yangu.

Jumatano, Mei 28

Barua ya kumwachisha Spana kazi imetoka. Uzembe. Nimeuliza habari ya barua yangu. Inashughulikiwa.

Jumamosi, Mei 31

Nimekwenda nyumbani kwake. Mvua imeisha, watu wameanika kila kitu nje, magodoro, viatu, vitabu vya watoto. Nilimkuta ameketi kwenye benchi uani, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Spana yake ilikuwa imelala kwenye benchi pembeni yake, upande wa kushoto.

Mkewe akasema, "Karibu, mwanangu," akatuletea chai akaingia ndani.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakanipotea. Nikajikuta nauliza, karibu kwa hasira, "Baba, kwa nini hukuniambia kwamba bado? Nilikuuliza. Nilikuuliza kila mara!"

Akanywa chai kwa mkono wa kushoto, akajimwagia kidogo, akajifuta.

"Ulikuwa unauliza vizuri," alisema. "Mbele yako nilikuwa naelewa kweli. Sikukudanganya."

"Ulifanya sawa mara nne."

"Kwa sababu ulikuwa unanitazama. Nikitazamwa natumia kichwa, na kichwa kilikuwa kinajua. Huu ndio ulikuwa haujui." Akainua ile bandeji. "Huu ulihitaji ukosee. Ukosee mara ishirini, thelathini, bila mtu, mpaka uchoke kukosea. Wenzangu wote uliwageuzia mgongo. Nilikuwa nakuona, nikasema moyoni, ee, binti hajasahau. Nikawa nangoja zamu yangu."

Nilitaka kumwambia nilikuwa naogopa kwa ajili yake. Nilitaka kumwambia yeye ndiye niliyemtaka afaulu kuliko wote. Yote ni kweli na hayana kazi.

"Ungeniambia tu," nikasema hatimaye. "Neno moja."

"Nimwambie mwalimu wangu ageuke?" Akacheka kidogo. "Mtu mzima hasemi hivyo, binti."

Kaniita binti. Tangu Machi nilikuwa naisubiri hiyo, na nilipoipata ilinichoma kuliko ile ya mfagiaji. Nikamwomba aje chuoni tufundishe pamoja, nitamwomba mkuu. Akakunja uso, akatazama viatu vilivyoanikwa. "Nikawaonyeshe nini?" akasema. "Nionyeshe kwa mkono upi?"

Nimemaliza chai yangu. Nimewaaga. Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani na hakunilaumu kwa lolote.

Jumatatu, Juni 23

Muhula mpya. Sijafukuzwa, nadhani barua bado imo droo ileile. Nimeuliza tena leo asubuhi. Nitauliza tena kesho.

Wanafunzi kumi, kiwanda kingine. Safu ya mbele yupo mzee mmoja fundi wa majokofu, mikono mikubwa yenye makovu, amekaa wima. Jua linawaka, bati linalia tu kwa joto, sikuhitaji kupaza sauti.

Nikawaambia kwamba katika darasa hili kuna waya mweusi, na walioanza kazi zamani ndio watakaosumbuka nao, si kwa ujinga bali kwa sababu mikono yao inajua kazi. Yule mzee akainua macho. Nikaunganisha ubao mara moja mbele yao, bila umeme, bila maneno. Yeye nikampa bisibisi kabla ya wengine. Moyo wangu wote ulitaka kubaki pale pembeni yake nimshike kidole.

Nikageuka nikatazama ukuta.

Skrubu ikaanguka. Nikasikia magoti yanalia, mtu anapapasa sakafu, anainuka, anapumua kwa nguvu. Sikugeuka. Halafu sauti nene, ya chini, ikasema maneno ambayo muhula mzima uliopita sikuwahi kuyasikia kutoka kwa Spana:

"Mwalimu, hapa nimekosea."

"Rudia, baba," nikasema.

Akarudia. Alirudia mara nyingi, sikuhesabu. Nilibaki nimeutazama ukuta mpaka mwisho wa kipindi, hata aliposema amemaliza, kwa sababu machozi yalikuwa yananitiririka na sikutaka waone.